Shajara ya mradi: ramani ya mvutano wa bahari ya Kenya, iliyochorwa Nairobi kwa altimetri ya setilaiti

12 Januari 2025: Tunachotafuta

Ramani za mvutano wa bahari za dunia nzima, zinazoonyesha jinsi nguvu ya uvutano wa dunia inavyobadilika mahali hadi mahali, zipo, tena ni za bure. Ukizifungua juu ya bahari kuu mashariki mwa Lamu utazisifu. Ukisogea kuelekea ufuoni rangi zinaanza kukorogeka, na katika kilomita kumi za mwisho huwezi kujua kama unachokitazama ni mwamba, ni fungu la mchanga, au ni makosa ya hesabu. Na kilomita hizo ndizo zenye mambo. Mbele ya Mombasa ukanda wa maji mafupi ni mwembamba mno: ukishavuka matumbawe, haichukui kilomita nyingi kabla chini hakujaporomoka kwa mamia ya mita. Ukingo wa namna hiyo huacha alama kwenye mvutano, unaopanda juu ya ukingo na kushuka upande wa maji makuu. Alama yenyewe imelala palepale ambapo setilaiti inaanza kuona vibaya.

Kazi ni kuchora upya eneo la kutoka Kiunga hadi Vanga, pamoja na kipande cha Tanzania mpaka kusini mwa Pemba, na kusema wazi ni wapi ramani inaaminika na wapi haiaminiki. Meli hatuna. Tuna laptopu moja, meza moja Kahawa West, na mwenzangu mmoja aliyeko Mombasa ambaye hajui hesabu hizi lakini anaijua bahari.

Kuna atakayeuliza mtu wa Nairobi anatafuta nini baharini. Miinuko ya ramani za nchi hii, hata ile ya hapa mjini iliyo juu ya mita 1,600, ilianza kuhesabiwa kwenye wastani wa maji ya Kilindini. Anayetaka jeoidi nzuri ya Kenya (uso wa rejea unaofuata wastani wa bahari, ambao miinuko huhesabiwa kutoka kwake) hawezi kusimama kwenye mchanga wa Nyali na kusema data zimeishia hapo.

Kwa asiyeijua njia hii: uso wa bahari si tambarare. Palipo na mlima chini ya maji, uzito wake huyavuta maji yakajikusanya juu yake. Mlima wa mita 2,000 huinua uso wa bahari kwa takriban mita 2, tena kwa taratibu hivi kwamba aliye ndani ya chombo hahisi lolote. Setilaiti hupiga rada kwenda chini, hupima muda ambao mwangwi umechukua kurudi, na kwa kuwa mahali pake angani panajulikana, kimo cha maji kinapatikana. Hiyo ndiyo altimetri. Sisi hatutumii kimo chenyewe bali mwinamo wake. Mwinamo wa milimita 1 kwa kila kilomita 1 ni mikroradiani 1, na mikroradiani 1 hutoa takriban miligali 1 ya mvutano (miligali ni kipimo kidogo cha mabadiliko ya mvutano). Shika ulinganifu huo, maana utarudi katika kila hatua.

2 Februari 2025: Data na vifaa

Data zote ni za bure ukishajiandikisha. Zilizochukuliwa: Geosat (ile awamu ya 1985 na 1986 ambayo jeshi la majini la Marekani liliifungia hadi 1995), ERS-1, Jason-1 na Jason-2 katika awamu zao za mwisho, CryoSat-2 iliyorushwa 2010, SARAL/AltiKa, na Sentinel-3 zote mbili. SWOT, setilaiti mpya kuliko hizo, itakuja baadaye kwa sababu faili zake ni nzito na inahitaji mbinu ya peke yake.

Chagua setilaiti ambazo njia zake zimesongamana. Zile za kupima bahari mwaka hadi mwaka, kama TOPEX/Poseidon, hurudia njia ileile kila baada ya siku 10 hivi, na kwenye ikweta njia zao zimeachana kwa kilomita 315. Pwani nzima ya Kenya inaweza kupata njia mbili tatu tu. CryoSat-2 hurudia baada ya siku 369, na kwenye ikweta njia zake zimeachana kwa kama kilomita 8. Jason-1 ilipozeeka ilishushwa kwenye obiti ya siku 406 kwa kazi kama hii hasa.

Chukua data za kasi ya vipimo 20 kwa sekunde, si zile za wastani wa sekunde moja. Za sekunde moja zinakupa nukta kila kilomita 6 au 7, na kwa pwani hiyo ni sawa na kutokuwa na data. Za kasi zinakupa nukta kila mita 330 hivi.

Vifaa: diski ya nje ya terabaiti 2, shilingi 16,500. Memori ya mitumba kutoka Luthuli Avenue, gigabaiti 16, shilingi 4,800 baada ya kubishana. UPS ndogo, shilingi 7,000, baada ya stima kupotea usiku katikati ya hesabu na faili nzima kuharibika. Jumla ya vifaa ni shilingi 28,300. Mtandao wa nyumbani ulikuwepo tayari. Usijaribu kushusha data hizi kwa bando la simu, utalia. Programu zote, Python na GMT ya kuchorea ramani, hazilipiwi.

23 Februari 2025: Tatizo halikuwa nchi kavu peke yake

Ramani ya kwanza, iliyotumia CryoSat-2 pekee, ilitoka na mistari ya kwenda juu na chini kama kitambaa cha kikoi. Fikra ya kwanza ilikuwa kwamba data chafu za ufuoni zimeponyoka chujio. Tukakata kila kitu kilicho ndani ya kilomita 20 kutoka nchi kavu. Mistari ikabaki, hata katikati ya bahari.

Tulimpelekea picha mwalimu mmoja mstaafu aliyefundisha upimaji kwa miaka mingi. Jibu lake kwa simu lilikuwa fupi: "Kijana, umeangalia njia zinaelekea wapi?"

Hapo ndipo mradi ulipobadilika. CryoSat-2 ina mwinamo wa obiti (pembe kati ya obiti na ikweta) wa digrii 92. Ukipiga hesabu ya kasi yake na ya mzunguko wa dunia, hapa karibu na ikweta njia yake inapishana na kaskazini halisi kwa kama digrii 6 tu, iwe inapanda au inashuka. Kwa hiyo inaujua vizuri mwinamo wa kaskazini na kusini, na ule wa mashariki na magharibi haiujui. Kosa la upande wa mashariki linakuwa kubwa mara tisa hivi kuliko la upande wa kaskazini.

Sasa itazame pwani yetu. Kutoka Vanga hadi Malindi inapanda kaskazini ikiegemea mashariki. Ukingo wa chini ya maji unaifuata. Badiliko la mvutano unalolitaka liko ng'ambo ya ukingo huo, yaani zaidi kuelekea mashariki, upande uleule ambao setilaiti bora tuliyo nayo ni dhaifu. Nchi ambayo pwani yake inalala mashariki hadi magharibi, kama Ghana, haina shida hii kwa kiwango chetu.

Marekebisho: uzito wa kila setilaiti haupangwi kwa ubora wa rada yake peke yake, unapangwa kwa pembe ya njia yake pia. Jason, yenye mwinamo wa digrii 66, hapa inapishana na kaskazini kwa karibu digrii 20. Geosat, yenye 108, inafika 22 hivi. Kosa la mashariki kwao ni mara mbili na nusu hadi tatu, si tisa. Basi Geosat, mzee mwenye rada ya miaka ya themanini na kelele nyingi, akapewa kiti cha mbele upande wa mashariki, na CryoSat-2 ikabeba upande wa kaskazini. Mistari ilififia sana, ingawa haikuisha.

Bado kuna udhia mmoja: nusu ya njia za Jason na Geosat hutembea karibu sambamba na ufuo wetu. Njia ya namna hiyo ikiwa karibu na nchi kavu huchafuka kwa urefu mrefu. Zile zinazoukata ufuo huchafuka mwishoni tu.

22 Machi 2025: Mwangwi uliochafuka

Juu ya bahari wazi mwangwi una umbo moja: unapanda ghafla, kisha unateremka taratibu. Kipimo chote kinategemea kuijua sehemu ya kati ya ule mpando. Karibu na pwani, kwenye ule mteremko wa nyuma, huota pembe, yaani miruko mikali ya nguvu ya mwangwi.

Wengi husema ni nchi kavu inayorudisha mwangwi. Kwetu mara nyingi si nchi kavu. Tulipoziweka njia za Sentinel-3 na AltiKa juu ya picha za setilaiti, pembe kali zaidi zilitokea penye maji yaliyotulia: ndani ya mwamba huko Watamu na Mida, na kwenye mikono ya bahari nyuma ya mikoko ya Lamu. Maji yasiyo na mawimbi hurudisha rada kama kioo, na nguvu yake huizidi bahari nzima inayoizunguka.

Umbali wake unahesabika. Kitu kilicho pembeni kwa kilomita 7, rada ikiwa kwenye kimo cha kilomita 800, mwangwi wake unachelewa kama kwamba kiko chini zaidi kwa mita 34. Dirisha la kawaida la altimita linabeba mita 60 hivi, na sehemu ya mbele ya dirisha iko kabla ya mpando. Kwa hiyo kioo chochote kilicho ndani ya kilomita 7 hivi kitaingia, na kadiri setilaiti inavyosogea ndivyo pembe inavyoukaribia mpando hadi kuuvamia.

Kulikuwa na sehemu ya Ghuba ya Ungwana iliyotushinda kabisa. Njia moja ilikuwa safi mara hii na chafu mara nyingine, mahali palepale. Mwenzangu wa Mombasa alipoziona tarehe hakuhitaji kompyuta. "Ndugu yangu, hizo chafu zote ni bamvua. Maji yakipwa mafungu yanatoka nje, na katikati yake kunabaki vidimbwi." Tukazilinganisha saa za kupita na majedwali ya maji ya Lamu na Kilindini. Ilikuwa hivyo. Maji kupwa wakati wa bamvua yalikuwa yakileta pembe. Maji kujaa, mwangwi safi.

Marekebisho yakawa mawili. La kwanza, kusoma upya mwangwi kwa kutumia kipande kinachouzunguka mpando tu, bila kuujali mkia. Njia hii inajulikana tangu 2014 kwa jina la ALES, na kwa pwani hakuna sababu ya kutoitumia. La pili ni letu: ndani ya kilomita 15 kutoka ufuo, njia iliyopita maji yakiwa yamepwa sana inatupwa, hata ikionekana safi. Tumepoteza data nyingi kwa kanuni hii, lakini pwani ambayo maji yake hupanda na kushuka kwa karibu mita 4 wakati wa bamvua haiwezi kuchukuliwa kuwa na ufuo mmoja. Mstari wa ufuo unaokuja na programu nyingi ni mmoja tu, na haujui maji yamejaa au yamepwa.

20 Aprili 2025: Kusoma mara mbili, na kisiwa cha Pemba

Kelele za data za kasi ni kubwa. Sentimita 5 za kelele kati ya nukta mbili zilizoachana mita 330 ni mwinamo wa mikroradiani 150, na sisi tunatafuta moja au mbili. Kuchuja ni lazima, lakini kabla ya kuchuja kuna hatua ya bure ambayo wengi huiruka.

Unapousoma mwangwi unatafuta vitu viwili kwa pamoja, muda wa kufika na urefu wa mawimbi. Vinachanganyana: kosa la kimoja linamwagikia kingine. David Sandwell na Walter Smith walionyesha kuwa unaweza kusoma mara mbili. Mara ya kwanza unapata urefu wa mawimbi, unaulainisha kwenye njia kwa makumi ya kilomita kwa sababu mawimbi hayabadiliki ghafla, kisha unasoma tena muda wa kufika peke yake. Kelele hupungua kwa mara moja na nusu hivi.

Ilifanya kazi kila mahali isipokuwa kuzunguka Pemba. Upande wa magharibi wa kisiwa, kwenye mlango unaokitenganisha na bara, ramani ilizaa mtaro mrefu wa mvutano ambao haupo kwenye kipimo chochote kingine. Mlango huo ni mkuu kwelikweli, kina chake kinafika mita 800 hivi, kwa hiyo mtaro ulikuwa unaaminika. Hilo ndilo lililouchelewesha kugunduliwa.

Kisa chake ni mawimbi. Mashariki mwa Pemba bahari iko wazi na mawimbi makubwa yanaipiga. Magharibi kisiwa kinakinga. Urefu wa mawimbi unaruka ghafla kutoka upande mmoja hadi wa pili, lakini kulainisha kwetu kulivuka kisiwa na kuyapeleka mawimbi ya mashariki kwenye mlango uliotulia. Programu ikaamini mawimbi yasiyokuwepo na kuusogeza muda wa kufika ili mambo yalingane.

Marekebisho ni mepesi: kata njia katika vipande kila inapogusa nchi kavu, kisha lainisha kila kipande peke yake. Kipande kifupi kuliko kilomita 30 kinasomwa mara moja tu. Mtaro ukapungua ukabaki ule wa halali.

11 Mei 2025: Masahihisho ya hewa, maji na mikondo

Unyevu wa hewa hapa ikweta unaweza kuichelewesha rada kwa karibu sentimita 40. Radiomita iliyo ndani ya setilaiti huupima, lakini ikifika ndani ya kilomita 50 kutoka ufuo inaanza kuona joto la nchi kavu. Kosa la sentimita 4 linalozaliwa ndani ya kilomita 20 ni mikroradiani 2. Tumeiacha radiomita na kutumia unyevu wa modeli ya hali ya hewa kwa pwani nzima. Hauna undani, lakini haurukiruki, na kwa anayetafuta mwinamo hilo ndilo la maana.

Maji kujaa na kupwa: tumetumia FES, modeli ya dunia ya maji kujaa na kupwa. Kwenye bahari kuu haina lawama. Ndani ya Ungwana, penye maji mafupi, bado ina mashaka, na sentimita 10 za kosa ndani ya kilomita 20 ni miligali 5. Tumepaacha kama palivyo na kupawekea alama ya tahadhari.

Mikondo ilituogopesha bure. Mkondo wa pwani unaopanda kaskazini, na hasa msimu wa kusi, unaweza kwenda mita 1 kwa sekunde au zaidi. Lakini nguvu inayoinamisha maji kwa ajili ya mkondo inategemea umbali wa kutoka ikweta. Kwenye digrii 4 kusini, mkondo wa mita 1 kwa sekunde unainamisha bahari kwa mikroradiani 1 tu. Mkondo huohuo ukiwa kwenye digrii 40 ungeinamisha kwa karibu 10. Ikweta imetudhulumu kwenye njia za setilaiti, basi angalau imetulipa hapa.

8 Juni 2025: Kutoka mwinamo hadi mvutano

Hesabu ya kugeuza miinamo kuwa mvutano inapitia Fourier, njia ya kuvunja data kuwa mawimbi ya urefu mbalimbali, na Fourier inataka mraba uliojaa. Theluthi ya mraba wetu ni nchi kavu isiyo na data. Tulipojaza sifuri, ufuo wote ukazungukwa na mawimbi ya uongo, chanya na hasi, yakififia kuelekea baharini.

Jibu la kawaida ni kutoa modeli ya mvutano wa dunia nzima kwanza, kuhesabu kilichosalia, kisha kuirudisha. Tulitumia EGM2008, ambayo undani wake unafika kama kilomita 9. Kilichosalia kikawa kidogo, na ukingo kati ya data na nchi kavu ukawa mlaini. Mawimbi yakaisha.

Angalizo kwa anayefuata: modeli hiyo yenyewe ilitengenezwa kwa mvutano wa altimetri upande wa baharini. Ukimaliza na kuilinganisha ramani yako nayo ukaona zimekubaliana, hujathibitisha chochote. Ni kumuuliza shahidi maswali ambayo majibu yake uliyaandika wewe. Tulitumiwa ramani moja ya pwani ya nchi jirani iliyosifiwa kwa ulinganisho wa aina hiyo, na hatukuwa na la kujibu.

13 Julai 2025: SWOT

SWOT ilirushwa 16 Desemba 2022 na NASA pamoja na CNES, shirika la anga la Ufaransa. Haipimi mstari mmoja. Inapima mikanda miwili, kila mmoja upana wa kilomita 50, katikati ikiacha pengo la kilomita 20, na inarudi baada ya siku 21. Mkanda unakupa mwinamo wa pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo lile tatizo la Februari, kwa nadharia, linakwisha.

Kwanza ukubwa wa faili. Kata kila faili kwa latitudo mara tu inaposhuka, hifadhi kipande, futa iliyobaki. Ukisubiri ukusanye kwanza ndipo ukate, diski ya terabaiti 2 haitoshi.

Kisha kushindwa kwenyewe. Setilaiti ikiyumba ubavu hata kwa kiasi kidogo mno, mkanda mzima unainama upande mmoja. Njia ya SWOT hapa inapishana na kaskazini kwa kama digrii 8, kwa hiyo kuyumba huko kunaonekana kama mwinamo wa mashariki na magharibi. Umeshaona hatari. Data zinakuja zikiwa zimesahihishwa, lakini mabaki yalikuwepo, nasi tukayaondoa kwa kutoshea bapa, yaani uso ulionyooka ulioinama, kwenye kila mkanda na kulitoa.

Juu ya bahari kuu matokeo yalipendeza. Mbele ya Kilifi na Mombasa ukingo wa maji makuu ulipotea. Ramani ikawa laini, safi, na ya uongo. Pale ambapo sehemu kubwa ya mkanda imelala nchi kavu, kinachobaki baharini ni kipande chembamba, na ndani yake mwinamo wa ukingo ndio kitu kikubwa kuliko vyote. Bapa likatosheka kwenye ukingo wenyewe, tukautoa kwa mikono yetu tukidhani tunatoa uchafu.

Marekebisho: bapa halitafutwi pale pwani. Linatafutwa kwenye njia ileile ikiwa baharini kabisa, kwa mamia ya kilomita, na thamani yake inaletwa mpaka ufuoni, kwa kuwa kuyumba hubadilika polepole kuliko setilaiti inavyokwenda. Tukachukua pia wastani wa mizunguko mingi, ili mawimbi ya ndani ya bahari na mizunguko ya maji ya msimu yafutane. Ukingo ukarudi, mkali kuliko setilaiti zote za zamani zilivyouonyesha, na safari hii ukakaa mahali ambapo ramani za kina zinasema upo.

Mwalimu alipoletewa picha hizi alizitazama kwa muda mrefu, akasema, "Sasa nitafutie meli."

24 Agosti 2025: Meli za zamani

Vipimo vya mvutano vya melini vipo katika hifadhi ya NOAA, shirika la bahari na hali ya hewa la Marekani, vingi vya miaka ya 1960 na 1970. Ni vichache, lakini havitokani na setilaiti, na huo ndio utamu wake.

Ulinganisho wa kwanza ulitoa tofauti ambazo hazikuwa za nasibu. Baadhi ya safari zilikaa juu kwa miligali 14 mwanzo hadi mwisho, nyingine zilikaa chini kwa 16. Tarakimu hizo ni saini. Vipimo vya zamani vilifungwa kwenye mfumo wa Potsdam, kipimo cha rejea cha mvutano kilichowekwa Ujerumani, ambao ulikuwa juu mno kwa miligali 14, na kasoro (tofauti kati ya mvutano uliopimwa na ule wa kawaida wa mahali hapo) zikahesabiwa kwa fomyula ya mvutano wa kawaida ya 1930, ambayo kwenye ikweta iko juu ya ile ya 1980 kwa kama 16. Aliyesahihisha vyote viwili anapata badiliko dogo la miligali 2 hivi. Aliyesahihisha kimoja na kuacha kingine anaharibu safari nzima. Soma kichwa cha kila faili. Pasipo na maelezo ya kutosha tumeiacha safari hiyo nje.

Kisha likabaki jambo ambalo hakuna wa kulitengeneza. Meli ikienda mashariki inaongeza kasi ya mzunguko wa dunia, na kipimo kinapungua. Ikienda magharibi kinaongezeka. Kwenye ikweta athari hiyo ni miligali 7.5 kwa kila noti 1 ya kasi. Kabla ya GPS, nahodha wa bahari kuu alijua mahali pake kwa nyota na kwa setilaiti chache za wakati huo, na kosa la nusu noti lilikuwa jambo la kawaida. Safari zinazoukata ufuo kwenda mashariki, zile tunazozihitaji hasa, ndizo zenye kosa kubwa zaidi. Safari za kaskazini na kusini ziko salama zaidi, lakini zinapita mahali ambapo setilaiti zetu zilikuwa nzuri tangu mwanzo.

Tulichofanya: panapokutana safari mbili zinazokatana, tofauti yao imetumika kama kipimo cha kuaminika kwa meli zenyewe. Safari ambayo haiafikiani na wenzake haiwezi kuihukumu setilaiti. Zilizobaki zinaonyesha kwamba kuingiza SWOT kumepunguza tofauti karibu na ukingo kuliko hatua nyingine yoyote, na kwamba kanuni ya maji kupwa imesaidia Lamu na Ungwana lakini haikubadilisha chochote mbele ya Diani, ambako mwamba uko karibu na ufuo na mafungu ni machache. Aliye na pwani kama ya Diani anaweza kuiruka.

21 Septemba 2025: Toleo la kwanza

Gridi ya toleo la kwanza imekamilika, pamoja na skripti zote. Kila nukta ina thamani ya mvutano na alama ya ubora kutoka 1 hadi 4. Ukanda wa kilomita 4 kutoka ufuoni umeachwa mtupu. Kulikuwa na shinikizo la kuujaza, maana ramani yenye tundu haipendezi kwenye ukuta wa ofisi, na ni rahisi kuchukua thamani za modeli na kuzipaka humo. Anayetaka kufanya hivyo anaweza. Skripti yetu haitamfanyia.

Ungwana imebaki na alama 3 karibu yote, kwa sababu ya maji mafupi na mafungu ya mlango wa Tana. Modeli bora ya maji kujaa na kupwa ya hapo, iliyofungwa kwenye kipimo cha Lamu, ingebadilisha hali kuliko setilaiti mpya. Hiyo ndiyo kazi inayofuata, na mwenzangu wa Mombasa ameshaanza kuulizia nani mwenye rekodi za maji za muda mrefu na kwa masharti gani.

Gharama tangu Februari: vifaa vimebaki shilingi 28,300. Juu yake ni tokeni za stima, kwa sababu laptopu ilikuwa ikikesha, na chakula cha mchana cha mwalimu ambaye hakukubali malipo mengine.

Kwa watakaoirudia kazi hii Tanzania: skripti ya kukata njia inajua Pemba peke yake. Ongezeni Unguja na Mafia kwenye faili ya visiwa kabla ya kulainisha mawimbi, kisha kagueni kwanza mlango wa kati ya Unguja na bara, ambako maji ni mafupi na mafungu ni mengi, hivyo kanuni ya maji kupwa itahitaji umbali zaidi ya kilomita 15.